Umeme wa kempa unaokata na kurudi: tuusake kwa mita, tuache kubahatisha

#1 MwambaKambi

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa wanaojua umeme wa magari ya kulala.

Gari ni Land Cruiser ya mfululizo wa 78, injini ya dizeli 1HZ, paa la kunyanyuka. Betri mbili chini ya boneti: moja ya kuwashia, ya pili AGM (ile iliyofungwa, haiongezwi maji) ya Ah (ampea-saa) 100 kwa matumizi ya nyuma. Zimeunganishwa kwa rilei ile inayosoma volti. Nyuma kuna friji ya lita 45 yenye kompresa ya Danfoss BD35, taa za LED, pampu ya maji na soketi mbili za USB.

Tatizo: gari likitembea hakuna shida. Usiku friji inazima, inakaa kama dakika moja, inajaribu kuwaka, inazima tena. Pampu ikifunguliwa taa zinapepesa. Kuna usiku mwingine kila kitu kinafanya kazi hadi asubuhi. Betri ya pili imebadilishwa, ni mpya. Fyuzi zote zimebadilishwa. Friji imewekwa kwa fundi saa 6 mfululizo, haikukata hata mara moja. Nianzie wapi?

#2 MitaMkononi

Mkuu, kama friji imekaa kwa fundi saa 6 bila kukata, iache friji. Saka njia inayouleta umeme mpaka hapo ilipo.

Ila kwanza iulize yenyewe inalalamikia nini. Bodi ya elektroniki ya BD35 ina sehemu ya kuunga LED ndogo kati ya alama + na D, na friji nyingi zimeshaitoa hiyo taa nje karibu na swichi. Ikigoma, hesabu inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika. Mara 1 ni volti zimeshuka mno. Mara 2 feni inavuta kupita kiasi. Mara 3 mota imeshindwa kuanza. Mara 4 mota inazunguka chini ya kasi inayotakiwa. Mara 5 bodi yenyewe imepata moto.

Naweka dau ni mara 1, na sababu ni hii. Bodi hiyo ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, kwenye mfumo wa volti 12 inakata ikiona 10.4 na inakubali kurudi ikiona 11.7. Friji ikianza kuvuta, volti zinapotea njiani, kwenye waya mwembamba na viungio vibovu. Inaona 10.4, inakata. Ikishakata hakuna kinachovutwa, kwa hiyo hakuna kinachopotea, na volti pale kwenye friji zinaruka hadi 12 za betri. Inaona 12, inaridhika, inawasha. Zinaanguka tena. Usiku kucha ni huo mchezo.

Mchana alteneta inasukuma karibu 14. Hata ukipoteza volti moja na nusu njiani, friji bado inapata 12.5 na ushei. Ndiyo maana gari likitembea unaliona zima. Na kwa fundi ilikuwa na waya mfupi wa nusu mita.

Nipe vipimo vinne. Vyote vichukuliwe friji IKIWA INAVUTA. Ikiwa imelala havina maana.

Kwanza, volti kwenye vichwa vya betri ya pili. Ncha za mita ziguse risasi yenyewe, zisiguse kibanio.

Pili, volti mwisho kabisa wa njia, pale plagi ya friji inapoingia.

Tatu, tafuta waya mrefu wa mita 7 hivi. Ncha moja ifunge kwenye chanya ya betri, ya pili kwenye ncha nyekundu ya mita. Ncha nyeusi iguse chanya ya soketi ya friji. Mita iwe kwenye volti za DC. Namba utakayoona ni volti zinazopotea upande wa chanya peke yake.

Nne, rudia hivyo hivyo upande wa hasi: kichwa cha hasi cha betri hadi hasi ya soketi.

Ukiwa na mita ya kubana waya inayosoma ampea za DC, niandikie na ampea.

#3 WayaMwekundu

Nakazia hapo pa "ikiwa inavuta", maana ndipo mafundi wengi wanapoangukia.

Mita ya kidijitali haivuti umeme wowote wa maana. Waya wenye nyuzi 40 ukibakiwa na uzi mmoja tu, mita itakuonyesha 12.6 safi kabisa na fundi atakuambia umeme unafika. Weka mzigo uone: huo uzi mmoja unashindwa. Umeme unaokata na kurudi mara nyingi ni huu, njia inayopitisha volti lakini haiwezi kupitisha ampea.

Kwa hiyo tembea na taa ya mzigo. Chukua balbu ya H4 ya zamani, ile ya wati 60/55, hata kama upande mmoja umeungua. Uungie nyaya mbili za nusu mita zenye vibano vya mamba. Upande wa wati 55 unavuta karibu ampea 4.6, sawasawa na friji. Ichomeke sehemu ya friji kisha pima. Faida yake ni kwamba haizimi yenyewe kama friji, unapata muda wa kufuatilia njia yote taratibu. Usiiweke juu ya godoro wala plastiki, baada ya dakika mbili inachoma.

#4 MwambaKambi

Nimepima wakuu, usiku huu.

Taa ya friji inapepesa mara 1, inapumzika, mara 1.

Friji inavuta ampea 5. Betri kwenye vichwa: 12.35. Kwenye soketi ya friji: 11.00. Upande wa chanya zinapotea 0.45. Upande wa hasi 0.90.

Waya wa chanya kutoka mbele ni wa 2.5 mm², kama mita 6. Hasi haina waya wa kwenda mbele. Imefungwa kwenye bodi ya gari nyuma ya kabati la friji, bolti moja, nyaya nne zimepandana hapo.

#5 MitaMkononi

Umemaliza kazi mkuu. Tupige hesabu ili na wengine wafaidike.

Zinapotea 1.35 kwa ampea 5, maana yake njia yako ina omu 0.27. Friji ikijazwa soda za moto kompresa inaongeza kasi na inaweza kufika ampea 6. Mara 0.27 ni 1.62. Betri ikishuka hadi 12.0 saa nane usiku, friji inaona 10.38. Inakata kwa 10.4. Usiku ambao friji ilikuwa tayari baridi na hewa ya nje ilikuwa ya kutetemesha, haikuhitaji kuvuta sana, ndiyo ule usiku uliosema "kila kitu kinafanya kazi". Siyo maajabu.

Sasa tugawe makosa. Shaba ina omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa 1 mm². Mita 6 za 2.5 mm² zinatoa 0.042, ukizidisha kwa 5 unapata 0.21. Kwa hiyo kati ya ile 0.45 ya chanya, 0.21 ni halali ya waya wenyewe, na 0.24 iko kwenye kishikio cha fyuzi na plagi. Kama ni ile soketi ya kiberiti cha sigara, lawama ianzie hapo. Ina kichemchemi katikati na masikio mawili pembeni, kwenye barabara ya changarawe inachezacheza muda wote.

Hasi ndiyo aibu. Chuma cha gari kina upana wa kutosha, kwa ampea 5 hakitakiwi kupoteza hata 0.1. Wewe unapoteza 0.90. Ni ile bolti, nina hakika nayo. Na ndiyo inayoeleza taa kupepesa pampu ikiwaka: vifaa viwili vikisumbuana, tafuta mahali vinapokutana. Pampu, taa na friji vinakutana kwenye bolti moja. Pampu ikivuta ampea zake 5 au 6 za ziada, volti za hapo zinaanguka mara mbili yake na taa zinaiona.

#6 BiAmpea

Kaka Mwamba, kabla hujaifungua hiyo bolti fanya jaribio la sekunde kumi. Friji ikiwa inavuta, ncha moja ya mita iweke juu ya nyaya zilizopandana, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi sentimita tano pembeni, pakwangue kidogo kwanza. Ukiona 0.7 au 0.8 katika hizo sentimita tano, umemshika. Ukiona karibu sifuri, tatizo liko mbele, kwenye waya wa hasi wa betri kwenda bodi au bodi kwenda injini. Usikwangue rangi mahali kumi ambapo si pake.

Ukiifungua utakuta moja ya haya: washa imekaa juu ya rangi na umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu, au kuna vumbi lililogeuka tope likakauka kati ya lagi (kile kichwa cha chuma chenye tundu mwishoni mwa waya) ya kwanza na ya pili, au bolti ni ile ya kujichimbia kwenye bati jembamba, imelegea kwa mtikisiko.

Kuifunga upya: ondoa hasi ya betri ZOTE mbili kwanza. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, duara kubwa kuliko lagi kwa milimita tatu nne. Tumia bolti ya M8 inayopita hadi upande wa pili na nati yake, achana na ya kujichimbia. Mpangilio: chuma cha gari, lagi nene, lagi nyembamba, washa ya kawaida, washa ya kung'ata, nati. Usiweke washa kati ya lagi na chuma, umeme upite shaba kwa chuma moja kwa moja. Lagi zaidi ya mbili hapo ni nyingi. Weka kipande cha shaba cha kukusanyia hasi, kisha waya mmoja mnene wa 16 mm² ndio ushuke kwenye bolti.

Mafuta ya mgando au grisi unapaka BAADA ya kukaza, kwa nje, yazuie maji na vumbi. Ukipaka kabla, nguvu ya kukaza inayasukuma pembeni kwa hiyo si dhambi kubwa, ila vumbi linaganda humo wakati unahangaika na spana. Malizia kwa rangi ya kupuliza.

#7 Njiro4x4

Wakuu swali. Kwa nini asivute tu waya wa hasi hadi kwenye betri, akaachana na bodi kabisa? Naona magari mengi ya nje yamefungwa hivyo.

#8 MitaMkononi

Inafaa sana mkuu, na kwa friji mimi ndiyo napendelea. Ila kuna mtego wake.

Kati ya hasi ya betri, injini na bodi ya gari kuna mikanda ya hasi. Ule wa betri ukikatika au ukiota kutu, stata ikiitwa inatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri. Stata ya dizeli inavuta mamia ya ampea. Ikikuta waya wako wa 6 mm² umeunga hasi ya betri na kitu chochote nyuma kinachogusa bodi, inapita humo, waya unawaka moto ndani ya kabati. Kwa hiyo ukivuta hasi ya moja kwa moja, kagua mikanda ya injini kwanza: mita ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri ya kuwashia, mwenzako apige stata. Zaidi ya 0.5, badilisha mkanda kabla ya kitu kingine chochote.

Na fyuzi ya chanya ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Fyuzi inalinda waya, haikilindi kifaa. Waya wa 2.5 mm² usipewe fyuzi zaidi ya ampea 20.

#9 PwaniKosta

Salamu kutoka Mombasa. Naona mnaongea volti 12, mimi nina Coaster ya 1HZ iliyotoka Japani, imefanywa nyumba ya kulala, ina 24. Taa za ndani ni za 12, zimeunganishwa kwa betri moja kati ya zile mbili. Saa nyingine zinang'aa, saa nyingine zimefifia, na betri ya pili inakausha maji kila wiki na inanuka kama yai viza. Fundi anasema alteneta inachaji kupita kiasi, lakini nikipima napata 28.2 na najua hiyo ni sawa.

#10 BiAmpea

28.2 ni sawa ndugu yangu, alteneta haina kosa. Inaona jumla tu. Haijui zile 28.2 zimegawanywaje.

Pima betri moja moja, injini ikiwaka. Utakuta ya chini, ile yenye taa, ina kama 13.0 na ya juu ina 15.2. Jumla ni 28.2. Taa zinainyonya ya chini usiku, asubuhi zinaanza safari moja ikiwa tupu na nyingine ikiwa imejaa. Ampea zinazopita kwenye zote mbili ni zilezile kwa sababu ziko kwenye mstari mmoja. Iliyojaa inalazimishwa kupokea ilhali haina nafasi, inachemka, inatoa gesi, inakausha maji. Ya chini haijai milele na taa zake zinafifia. Badilisha alteneta tatu, hali itabaki hiyo hiyo. Na hiyo gesi inayochemka ni ya kulipuka, usivute sigara karibu na sanduku la betri.

Dawa ni mbili. Ama weka kigeuzi cha 24 kwenda 12 cha ampea 20 au 30, kichukue umeme kwenye jumla ya betri zote, na 12 zote za ndani zitoke humo. Ama weka kisawazisha betri, kifaa kidogo chenye nyaya tatu: moja kwenye chanya ya juu, moja katikati, moja hasi. Mimi naona kigeuzi ni safi zaidi.

Friji yako ikiwa ya BD35, soma kibandiko nyuma. Kikisema 12/24, iunge moja kwa moja kwenye 24, inajitambua yenyewe. Huko inakata kwa 22.8 na kurudi kwa 24.2, na ampea zinapungua nusu kwa hiyo hata waya wako mwembamba unapumua.

Betri nunua mbili kwa pamoja, aina moja, siku moja. Mpya na kuukuu kwenye mstari mmoja ni kurudisha ugonjwa uleule.

#11 Njiro4x4

Na ile rilei ya betri mbili ikipiga tik-tik-tik-tik asubuhi gari likiwashwa? Ikifika barabarani inatulia.

#12 WayaMwekundu

Rilei za kusoma volti nyingi zinafunga zikiona 13.3 na kuachia zikiona 12.8. Asubuhi betri ya nyuma imechoka, rilei ikifunga tu inavuta ampea nyingi kwa mkupuo, injini ikiwa taratibu alteneta haiwezi kushikilia. Volti zinaanguka chini ya 12.8, rilei inaachia. Zikishaachiwa zinapanda, inafunga. Ukikanyaga mafuta alteneta inapata kasi, mchezo unaisha.

Ikitulia ndani ya dakika mbili tatu, iache. Ikiendelea hata barabarani, usikimbilie kununua rilei. Angalia waya wake mweusi mwembamba, ule wa hasi. Huo ndio kipimo chake cha sifuri. Ukiwa umefungwa kwenye bolti yenye kutu rilei inasoma volti pungufu kuliko zilizopo, inaachia wakati haikutakiwa. Upeleke moja kwa moja kwenye hasi ya betri ya kuwashia.

Kisha mkanda wa feni. Ukilia asubuhi au ukipita kwenye maji, alteneta inateleza. Na kama taa ya betri kwenye dashibodi inawaka kwa mbali sana, hafifu, unaiona usiku tu, fungua alteneta uangalie brashi kabla haijakuacha njiani.

Magari mapya ya Ulaya, Sprinter na wenzake wa Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari), hiyo rilei haifai kabisa. Alteneta yao inashushwa na kompyuta ya gari hadi 12 na kitu ili kubana mafuta, na rilei inaachia kila mara. Hayo yanataka chaja ya DC kwenda DC yenye waya wa kuiambia kuwa injini imewaka.

#13 TaaZaPaa

Mtoa mada ana paa la kunyanyuka, na hapo kuna ugonjwa ambao haujatajwa.

Nyaya za taa za juu na feni zinapita kwenye bawaba. Kila paa likipanda na kushuka, waya unakunjwa palepale. Baada ya miezi nyuzi za shaba zinakatika moja moja ndani ya plastiki, nje huoni kitu. Taa zinawaka paa likiwa juu, zinazima likishushwa nusu, au kinyume chake. Watu wanabadilisha swichi.

Kumkamata: mita kwenye omu, ile yenye mlio, ncha moja kabla ya bawaba na nyingine baada yake, umeme ukiwa umeondolewa. Mwenzako ashushe paa polepole. Mlio ukikatika hata kwa kufumba jicho, umempata. Mita yenye kitufe cha MIN/MAX ni bora zaidi, inakumbuka hata kile ambacho sikio limekosa.

Kujua ni sentimita ipi hasa, shika waya kwa vidole viwili kila upande na uvute taratibu, ukisogea kidogo kidogo. Palipo pazima panakataa kunyooka. Palipokatika plastiki inanyooka kama ulimbo na kuwa nyembamba vidoleni, kwa sababu ndani hakuna shaba inayoshikilia.

Usiunge hapo hapo. Ondoa kipande kizima cha sentimita 60 hivi, weka waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba na ngozi ya silikoni, uache kitanzi kipana cha kupumulia. Na usichome risasi kwenye waya unaotikisika. Risasi inapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu kama msumari, kisha unakatika pale ugumu unapoishia. Barabara ya Naabi kwenda Seronera kule Serengeti na yale mawimbi yake itakumalizia kazi kwa safari mbili. Bana lagi kwa koleo lake, vika mpira wa kusinyaa kwa joto, funga waya kwenye bodi kila sentimita 30.

#14 KisimaChaSola

Kwa wenye lithiamu ugonjwa unafanana lakini chanzo kingine. Betri ya LiFePO4 ina bodi ya ulinzi ndani, na ikikata, haikuonyi. Taa hazififii. Ni 13 kisha sifuri. Dakika mbili baadaye umeme umerudi na wewe unatafuta waya uliolegea ambao haupo.

Mambo matatu yanaikatisha zaidi. Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi kamili inavuta karibu ampea 95 kwenye 12. Ukichomeka birika la wati 1500 kwenye inveta kubwa, unapita 140, na bodi ya ulinzi ya ampea 100 haitakubali. La pili, seli moja kati ya nne imepishana na wenzake, inafika 3.65 wakati wengine wako 3.4, bodi inakataa chaji na mwenye gari anadhani sola imekufa. Hapo chaji kwa 14.2 hadi 14.4 kwa ampea chache, saa kadhaa, mpaka zisawazike. La tatu ni baridi: chini ya nyuzi 0 bodi nyingi zinakataa kuchaji. Huku kwetu ni nadra, ila walioko Ulaya na Marekani wanalijua.

Usiunge lithiamu kwa alteneta moja kwa moja. Bodi ikikata ghafla wakati alteneta inasukuma ampea nyingi, volti zinaruka juu na kuua dayodi. Chaja ya DC kwenda DC hapo ni lazima.

#15 Njiro4x4

Nyaya nzuri zinapatikana wapi? Naona 16 mm² za bei ya kutupa.

#16 WayaMwekundu

Bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa shaba. Iwe Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, nenda na kisu kidogo. Chuna ncha, chukua uzi mmoja, ukwangue. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Pia inyanyue: ni nyepesi isivyo kawaida. Inapoteza volti kama mara moja na nusu ya shaba ya unene uleule, na ukibana lagi inalegea yenyewe baada ya muda kwa joto na mtikisiko. Nyaya nyingi za kubustia za bei rahisi ni hizo. Usikate za kubustia ukafanya za inveta.

Na msiamini unene wa nje. Kuna waya mnene kama kidole, shaba ndani yake ni kijiti cha kiberiti.

#17 MwambaKambi

Mrejesho wakuu. Dada BiAmpea, sentimita tano za pembeni ya bolti zilisoma 0.78. Nilipofungua, lagi ya chini kabisa ilikuwa imekaa juu ya rangi nyeupe nzima, na bolti ilikuwa ya kujichimbia. Kishikio cha fyuzi upande mmoja kimebadilika rangi na kuwa kahawia, plastiki imelainika.

Kilichofanyika: waya wa chanya wa 10 mm², fyuzi ya ampea 40 jirani na betri, kipande cha shaba cha hasi na waya wa 16 hadi bolti ya M8, na soketi ya kiberiti imeondolewa, imewekwa plagi ya Anderson ya ampea 50.

Vipimo vipya, friji ikivuta ampea 5: betri 12.38, friji 12.18. Chanya 0.11, hasi 0.09. Pampu ikiwaka taa hazitikisiki. Usiku tatu friji haijakata.

Swali moja limebaki. Asubuhi betri inasoma 12.3 hata usiku ambao friji nimeizima kabisa. Kuna kitu kinakula?

#18 MitaMkononi

Safi sana mkuu. Ila ukiwa na muda punguza hiyo fyuzi hadi 30. Vifaa vyako vyote pamoja havifiki 20, na fyuzi ndogo inajibu haraka zaidi shoti ikitokea.

Kinachokula: ondoa kibanio cha hasi cha betri ya pili, mita kwenye ampea 10, iweke kati ya kichwa na kibanio. Injini isiwashwe na pampu isiguswe, utaunguza fyuzi ya mita. Subiri dakika tano vitu vilale. Chini ya 0.05 ni kawaida. Soketi za USB zenye kioo cha kuonyesha volti zinakula usiku na mchana hata bila simu. Inveta iliyoachwa ON bila kitu inaweza kula ampea nzima, hiyo ni Ah 24 kwa siku, robo ya betri yako. Kama huna inveta, chomoa fyuzi moja moja uangalie namba inashuka kwenye ipi.

Na hiyo 12.3 uliipima saa ngapi baada ya kuzima kila kitu? Na jana yake gari lilitembea muda gani? AGM ya 100 iliyoshuka nusu haijai kwa saa moja ya kutoka kambi moja kwenda nyingine.

#19 MwambaKambi

0.31. Nimechomoa fyuzi ya soketi za USB, imeshuka hadi 0.02.

#20 BiAmpea

Weka swichi ndogo kabla ya hizo soketi, upande wa chanya. Ya ampea 20 inatosha.